Barua kwa mwanangu: mfuniko wa sufuria

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku Tandika hatujambo. Hadithi yako nimeipata, na swali lako nimelisoma mara tatu: "Mama, watu wananisifia Kiswahili, lakini hadithi zenyewe hawaziamini. Nifanyeje?"

Mimi si mwandishi wa riwaya. Lakini miaka yote niliyokuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo hapa Dar es Salaam, kazi yangu ilikuwa kusikiliza hadithi na kuamua niiamini ipi. Nakujibu kwa hicho ninachokijua.

Enzi zangu mawakili hawakuruhusiwa mahakama ya mwanzo. Mtu alisimama, akala kiapo, akajisemea kwa Kiswahili chake. Siku moja ikaja kesi ya mirathi. Mjane, shemeji zake wamembebea vyombo hata arobaini ya marehemu haijafika. Nikamuuliza walichukua nini. Nilitegemea aanze na kitanda, au cherehani. Akasema, "Mheshimiwa, walichukua mfuniko wa sufuria. Sufuria wakaniachia." Akanyamaza. Hakulia. Mzee wa baraza aliyekaa kulia kwangu akavua miwani, akawa anaifuta kwa pindo la kanzu, anafuta tu.

Sasa njoo kwa mjane wako. Umeandika: "Huzuni kubwa ilimjaa moyoni, machozi yakamtiririka kama mvua za masika." Hapo umeniamuru nimwonee huruma, ila hukunionyesha kitu. Machozi ni ya wajane wote; mfuniko ulikuwa wa yule mmoja. Jiulize asubuhi ile nani alikuwa jikoni, mkaa ulikuwa umeshika au bado, mtoto alikuwa amekula? Tulikuwa na mzee wa baraza mwingine, shahidi akishatoa maelezo yaliyonyooka kupita kiasi, yeye huuliza kiswali kimoja: "Siku hiyo mlikula nini?" Shahidi aliyefundishwa ya kusema hukwama hapo hapo. Aliyekuwepo hujibu bila kufikiri, tena huongeza kwamba ugali uliungua. Kila tukio la hadithi yako liulize swali la mzee yule. Jibu si lazima liingie kwenye karatasi, lakini wewe lazima ulijue.

Halafu kuna midomo ya watu wako. Konda wa daladala ya Mbagala anamwambia abiria, "Ninakuomba unilipe nauli yako, tafadhali." Mwanangu, wewe umekulia hapa! Konda anachezesha sarafu kiganjani karibu na sikio lako, hasemi neno, na mkono wako unaingia mfukoni wenyewe. Mama mkwe naye umemsemesha kama konda, na mjumbe wa nyumba kumi vilevile. Kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya kwa mkono wangu. Mwenendo wa kesi nilikuwa nauandika kwa kalamu, na kwa haraka ile mvuvi wa Feri na mama ntilie wa Kariakoo wote walitoka na sauti moja, yangu. Kwa kuamua kesi ilitosha. Jioni nikiwa kwenye daladala ndipo nilikuwa nakumbuka walivyosema hasa, na kusikitika kwamba maneno yale yamepotea. Wewe yaandike siku hiyo hiyo, kabla hujalala.

Umesema kazi haikupi nafasi. Najua, na sikulaumu. Ila Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na baada ya hapo akaendelea na ajira ya serikali, huku anaandika. Tafuta nusu saa yako, iwe ya kila siku.

Na ukishaandika upya, usikimbilie kumpa rafiki atakayekusifu. Jumapili shangazi yako alikuja, akakaa na ungo wake wa mchele, nikamsomea hadithi yako kwa sauti. Ukurasa wa kwanza mkono wake ulisimama kabisa juu ya mchele. Wa tatu, kwenye ile aya ndefu ya ukoo wa marehemu, akarudi kuchambua. Wa nne akainuka kwenda kutazama maharage ambayo hata hayajachemka. Hakusema chochote, nami sikumuuliza. Aya ile ikate. Najua umeihangaikia, lakini ikate.

Karatasi zako nazituma kwa basi la Ijumaa. Pale mkono wa shangazi uliposimama nimepiga mstari wa penseli pembeni. Ni pale mjane wako anapohesabu funguo kwenye pindo la kanga na kukuta umepungua mmoja, halafu anahesabu tena. Anzia hapo.

Mama yako