Kabla Hujamlipa Fundi wa Kiyoyozi, Omba Povu la Sabuni

Juma lililopita msomaji mmoja wa Kange, hapa Tanga, aliniandikia ujumbe mfupi: "Shikamoo kaka. Fundi anasema gesi ya kiyoyozi imeisha, anataka shilingi 140,000, na mwezi wa tatu alijaza huyohuyo. Nimpe?" Niliusoma mara mbili nikiwa kazini, nikalifunga daftari la hesabu lililokuwa mbele yangu, kwa kuwa maneno hayo niliwahi kuambiwa mlangoni kwangu, tena kwa upole uleule.

Najua wengi mnaosoma hapa mmejenga kama nilivyojenga mimi, tofali baada ya tofali, mkahamia kabla ya dari kukamilika, na mkaweka kiyoyozi si kwa kujionyesha bali kwa sababu kaskazi hapa Tanga halimwachi mtu alale. Changu nilikinunua mwaka 2019, cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), kwa ajili ya chumba cha mama yangu. Nyumba ipo Sahare, karibu na bahari kiasi kwamba maji yakijaa usiku mawimbi yanasikika barazani, na siku ile ukaribu huo niliuona kuwa fahari tupu. Sikujua kwamba ningeulipia.

Miaka miwili ilipita bila tatizo. Wa tatu baridi ikapungua. Nikamwita fundi wa mtaani kwetu, kijana ninayeswali naye msikiti mmoja, ambaye alifunga geji ya kupimia mgandamizo wa gesi kwenye mashine ya nje, akaitazama sindano kwa muda, kisha akasema, "Gesi imekwisha, mzee." Nikampa shilingi 120,000, na chumba kikapoa jioni ileile, nami nikamsifu kwa majirani. Baada ya miezi mitano joto likarudi, naye akaja akarudia kazi ileile kwa bei ileile. Ilipofika mara ya tatu nilianza kuona haya kuuliza maswali, maana mtu akishakusaidia mara mbili ukimhoji unaonekana huna shukrani. Hapo tayari nilikuwa nimetoa shilingi 360,000, na mimi ni mhasibu, mtu ambaye kazini hurudisha hati ya malipo ya shilingi 5,000 ikikosa risiti. Mficha uchi hazai: kwa malipo yote yale matatu sina hata karatasi moja.

Mara ya nne akasema kompresa, mtambo unaoisukuma gesi, imekufa. Alitaka shilingi 450,000, nusu atangulie nayo. Mashine ya nje ikaondoka juu ya bajaji, ikarudi baada ya wiki tatu, na kompresa ya zamani sikuonyeshwa. Chumba kilipoa kwa miezi miwili tu.

Aliyenifumbua macho ni fundi mtu mzima wa Makorora, aliyeletwa na shemeji yangu. Alikuja na ndoo, sponji na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, akalikoroga povu zito, akalipaka taratibu kwenye kila nati ya bomba la shaba, kisha akaketi kwenye kigoda akingoja, bila kusema neno. Kwenye nati ya nyuma ya mashine ya nje, mahali ambapo mtu hafiki bila kujipinda, povu likaanza kutoa vipovu vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, kama pumzi ya kaa kwenye tope. Chini yake palikuwa na doa la oili lililokwishashika vumbi. Akaniambia, "Bwana, gesi haiishi kama mkaa. Hii inazunguka humu humu. Ikipungua, imetoka, na ilikotoka ndiko huku." Alikata ncha ya bomba, akaitanua upya, akafunga nati, akavuta hewa yote kwa pampu, ndipo akajaza. Alinitoza shilingi 170,000 kwa kazi nzima, gesi ikiwemo.

Basi hilo ndilo ninalotaka ulishike kabla ya jingine lolote. Gesi ya kiyoyozi hupita kwenye mabomba yaliyofungwa: inachukua joto la ndani, kompresa inaisukuma, inaliacha joto hilo nje, inarudi. Haichomwi wala hainywewi. Anayekuambia imeisha na hasemi imetokea wapi anakuuzia tatizo lako mwenyewe kwa awamu. Mwambie atafute tundu kwanza, kwa povu au kwa kujaza naitrojeni na kuangalia kama geji inashuka, na malipo ya gesi yasubiri hapo. Nasema tena: tundu kwanza, gesi baadaye.

Pampu nayo usiione kuwa mbwembwe. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na bomba likishafunguliwa unyevu huingia. Ukibaki ndani huiharibu oili ya kompresa, na mwaka unaofuata unaambiwa habari ya kompresa. Fundi wangu wa kwanza hakuwahi kuja na pampu, hata siku moja. Soma pia kibandiko cha mashine ya nje. Kitakuambia kama gesi yako ni R22, R410A au R32, na mara nyingi kinataja gramu zinazotakiwa. Gesi hizi hazichanganywi: R410A hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa kuliko R22, na R32 inaweza kushika moto. Ikiwa mashine yako ni ya zamani na inatumia R22, ujue gesi hiyo inaondolewa sokoni hatua kwa hatua chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni, kwa hiyo kuijaza kila mwaka ni kujifunga kwenye kitu kinachozidi kuadimika.

Kuhusu kompresa, bado nina kinyongo, na sioni sababu ya kukificha. Fundi wa Makorora aliniuliza kama kapasita, kifaa kidogo cha umeme kinachoisaidia kompresa kuwaka, ilipimwa kabla ya kompresa kuhukumiwa, nami sikuwa na jibu. Kwenye viyoyozi vya kawaida, visivyo vya inveta (vile vinavyobadili kasi ya kompresa), kapasita ikichoka kompresa hunguruma kidogo na kushindwa kuwaka, na ukiisikiliza kwa nje utadhani imekufa. Kapasita niliyonunua baadaye kama akiba ilikuwa ya shilingi 25,000. Sijui kama ndiyo iliyokuwa imeharibika siku ile, na sitajua kamwe, kwa sababu kifaa cha zamani kiliondoka na bajaji. Ndiyo maana sasa kila kipuri kinachotolewa kwangu kinabaki kwangu, hata kama ni chuma kisicho na kazi. Ila usiishike kapasita mwenyewe. Inahifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa.

Bahari ndiyo iliyobaki. Chumvi hula mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba vya mashine ya nje, hadi yanakuwa unga mweupe ukiyagusa, na mashine isiyoweza kutoa joto hula umeme zaidi, hadi utaona kwenye mita ya LUKU. Kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa, naiosha yangu kwa maji baridi ya bomba, kwa presha ndogo ili mapezi yasilale. Chujio za ndani nazitoa kuzisafisha kila baada ya wiki mbili. Chujio ikiziba, mabomba yanaweza kuganda barafu, na hapo tena utasikia wimbo wa gesi. Maji yakidondoka ukutani, mara nyingi ni ute ulioziba bomba la kutolea maji, kazi ya kulipuliza tu, ingawa mimi niliwahi kuilipia shilingi 40,000. Umeme ukiwa mdogo jioni na taa zinafifia, zima, au weka stabilaiza, kifaa cha kusawazisha umeme, inayobeba mzigo huo.

Mkubaliane bei kabla hajafungua skrubu ya kwanza, gharama ya uchunguzi ikiwa mbali na ya matengenezo, na aandike risiti, awe ndugu, jirani au mtu wa safu moja na wewe msikitini. Hasa akiwa wa safu moja na wewe. Yule kijana tunasalimiana mpaka leo, ananiuliza hali ya mama, nami namjibu vizuri, lakini lile la kompresa hatujawahi kuligusa.

Msomaji wangu wa Kange nilimjibu kwa sentensi moja: amwombe fundi apake povu mbele yake. Jana usiku ameniandikia kwamba fundi alisema sabuni ameisahau, atarudi kesho yake, na leo ni siku ya nne. Watoto wanalala sebuleni kwenye feni, na zile shilingi 140,000 bado anazo.