Boti yako ikiingia kwenye mafuta yaliyomwagika: maswali yenu kuhusu mashine

Malori ya mafuta hupita barabara ya Arusha–Moshi usiku na mchana, na mito mingi inayoikatiza barabara hiyo hushuka Kikuletwa, kisha Bwawa la Nyumba ya Mungu. Lori moja likipinduka darajani, wenye boti kule bwawani ndio watakaoombwa kusaidia kuzuia na kukusanya mafuta. Safari hii tunajibu maswali mliyotuma kuhusu kitakachoipata mashine ukijitolea kazi hiyo.

Shikamooni mafundi. Nina mashine ya kupachika ya farasi 15, tustroki, ile ya kuchanganya petroli na oili. Nikiitwa kujitolea, kitu gani kitakufa kwanza? (Lang'ata Bora)

Marahaba. Kitakachotangulia ni impela, lile gurudumu dogo la mpira lililomo ndani ya pampu ya maji, juu kidogo ya gia. Mashine yako haina rejeta. Inapozwa na maji hayo hayo unayoelea juu yake: impela huyavuta kupitia matundu ya chujio ubavuni mwa mguu wa mashine, ikayasukuma hadi kwenye silinda. Sasa mpira ukinywa mafuta huvimba. Ukishavimba, mabawa yake hukwaruza kuta za pampu, yanapata joto, yanakatika. Na vipande havibaki pale pale. Hupanda na maji vikakwama kwenye njia nyembamba za kuelekea thamostati (kidude kinachodhibiti joto la mashine), ndiyo maana mtu hufunga impela mpya na mashine bado inachemsha. Ukikuta bawa limekatika, tafuta kipande chake mpaka ukipate.

Petroli na dizeli huvimbisha mpira upesi kuliko oili nzito. Oili nzito ina ubaya wake mwingine: hupaka njia za maji utando ndani ya silinda, joto likashindwa kutoka hata kama maji yanapita vizuri.

Usiogope kila rangi unayoiona majini, lakini. Lita moja ya mafuta ikitandaa kwa unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita hufunika mita za mraba 1,000. Ule utando wenye rangi za upinde wa mvua ni mafuta kidogo sana. Pa kukwepa ni penye utando mweusi au wa kahawia usiopenyeka kwa jicho, na zaidi ya hapo ule ute mzito kama uji unaotokea mafuta yakipigwa na mawimbi yakachanganyika na maji. Ute huo huweza kuwa na ujazo mara tatu au nne ya mafuta yaliyomwagika, na chujio la mashine haliupitishi.

Jambo la kukusaidia ni kwamba mafuta huelea, na boti ikiwa imekaa sawa, matundu ya kuvutia maji yako chini ya uso wa maji kwa kama sentimita 20 hadi 30. Mafuta huyafikia pale unapoinua mashine nusu kwa sababu ya kina kifupi, unaporudi nyuma kwa nguvu, au unapozunguka pale pale na propela ikakoroga juu na chini. Kwenye kina kifupi zima mashine, tumia pondo au kasia.

Tazama mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa mashine kila baada ya dakika tano, maana mashine nyingi ndogo hazina king'ora cha joto. Ukipungua, ukikatakata au ukigeuka mvuke, zima, inua, safisha chujio. Usiimwagie maji baridi mashine iliyochemka. Kichwa cha silinda kinaweza kupinda au kupasuka. Iache ipoe yenyewe.

Kama kilichomwagika ni petroli, si ndiyo vizuri tuwahi kabla haijasambaa? (Majengo, Moshi)

Hapana ndugu yetu, msiwahi. Hapa mashine si kitu, ni maisha yenu. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la Mwanga. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia juu ya maji na hujaa ndani ya boti, pale pale lilipo tangi na waya za starta. Ukifika kama asilimia 1.4 tu ya hewa, cheche moja inatosha.

Petroli mbichi haizungushiwi hata uzio wa kuelea, ule wa kuzuia mafuta yasisambae, kwa sababu uzio huikusanya na mvuke ukazidi mahali pamoja. Pigeni 114 Zimamoto, waondoeni watu na moto, mkae upande upepo unakotoka. Sehemu kubwa ya petroli itapaa yenyewe. Atakayeruhusu boti kuingia ni mtu mwenye kipimo cha gesi mkononi. Pua si kipimo.

Dizeli na mafuta mazito hayawaki kwa urahisi huo, maana dizeli huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo mvuke wake ushike moto. Kazi za kujitolea kwa boti zinafaa huko.

Tunaweza kutengeneza uzio kwa mabua ya mpunga? Na tuuvute kwa mwendo gani? (Mabogini)

Mabua makavu yanafaa. Mwaka 2020 meli ya Wakashio ilipomwaga mafuta Mauritius, wananchi walijaza majani ya miwa ndani ya vitambaa na nyavu, wakashona uzio wa kuelea. Nanyi jazeni mabua kwenye nyavu zenye matundu madogo au magunia, mfunge kila mita moja, na muweke madumu matupu yaliyofungwa vifuniko ili usizame ukishalowa.

Hatari kwa mashine ni bua linalochomoka. Bua likishaloa dizeli na kushikana na magugu hufunika chujio lote kwa dakika chache. Kaeni na mtu mmoja nyuma ya boti ambaye kazi yake ni mchirizi wa maji na kamba, basi. Kamba ya kuvutia iwe ya kuelea na isilegee karibu na propela. Ikijisokota, zima kwanza, toa kamba ya kuzimia kwenye swichi, ndipo uinue mashine na kuikata ile kamba ya kuvutia.

Kuhusu mwendo: uzio ukivutwa kwa zaidi ya kilomita 1.3 hivi kwa saa, mafuta hupita chini yake. Huo ni mwendo wa pole kuliko mtu anayetembea. Na hapo ndipo tustroki huumia, kwa sababu hukaa saa nzima kwenye mwendo wa chini na mzigo nyuma. Plagi hulowa oili, mashine inaanza misi (inakosakosa kuwaka), halafu inazima katikati ya mafuta. Kila nusu saa mwachie mwenzako mzigo, toka hadi maji safi, endesha kwa kasi ya kati dakika tatu hadi tano ichome uchafu. Beba plagi mbili mpya na spana yake. Mchanganyiko ubaki ule wa kitabu cha mashine. Kama ni 50 kwa 1, basi petroli lita 20 kwa oili mililita 400. Kuna wanaoongeza oili kwa kudhani wanailinda mashine. Kwa mwendo huu wanaharakisha plagi kufa.

Baada ya kazi naisafishaje? Jirani anasema nipitishe petroli kwenye njia za maji. (Sakina, Arusha)

Jirani anakutakia mema, lakini petroli itamaliza mpira uliobaki mzima, na juu ya mashine yenye moto ni ajali.

Anza nje. Mashine ikiwa baridi, futa mguu wake kwa matambara makavu mpaka yasitoke meusi. Kwenye chuma tupu, kitambaa kilicholowa mafuta ya taa kidogo kinaruhusiwa kwa oili iliyoganda, kisha sabuni, kisha maji. Kisiguse sili wala mipira.

Ndani, tafuta pipa lililokatwa, vua propela, teremsha mguu ndani, jaza maji mpaka yapite lile bamba bapa lililo juu ya propela. Weka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko viwili vya chakula, usizidishe. Sabuni nyingi huleta povu, pampu ikavuta povu badala ya maji, na mashine ikachemka ndani ya pipa huku wewe ukidhani unaiosha. Washa kwenye fri, mwendo wa chini, dakika 10. Zima, mwaga kwenye dumu, jaza maji safi, rudia dakika 15. Ukiona maji bado yana utando, rudia tena. Fanya haya nje penye hewa, si ndani ya banda, kwa sababu ya moshi.

Halafu fungua pampu hata kama mchirizi unaonekana mzuri. Weka impela ya zamani kando ya mpya. Ya zamani ikiwa pana zaidi, laini ya kunatanata, au mabawa yamebaki yamelala upande mmoja, ni ya kutupa. Bei ya impela ni ndogo mno ukilinganisha na silinda, kwa hiyo sisi tunashauri uibadilishe bila kubishana nayo. Unapofunga mpya, ipake maji ya sabuni, usiipake grisi ya kawaida. Hakikisha kile kipande kidogo cha chuma kinachoishikisha impela na shafti kimekaa kwenye mfereji wake, kisha zungusha shafti kwa mwelekeo wa saa huku ukisukuma nyumba ya pampu ishuke, ili mabawa yalale upande unaotakiwa.

Yale maji ya kuoshea yana mafuta. Usiyamwage kwenye mfongo (mfereji wa kumwagilia) wala mtaro. Ya Arusha yakiingia Themi yatashuka Kikuletwa, na hapo umeyarudisha bwawani. Yahifadhi kwenye dumu lenye kifuniko, uwakabidhi wanaosimamia usafishaji pamoja na matambara.

Oili ya gia imetoka nyeupe kama chai ya maziwa. Ni yale mafuta ya bwawani? (Kirya)

Ni maji. Sili ya shafti ya propela imechoka, au imekatwa na uzi wa nyavu uliojiviringa nyuma ya propela. Vua propela utafute uzi, badilisha sili, kisha jaza oili mpya ya gia kupitia tundu la chini mpaka itokee tundu la juu. Ukijaza kwa juu, hewa itabaki ndani.

Kaka yangu yuko Tanga na boti yenye mashine ya dizeli iliyofungwa ndani. Yeye aangalie nini? (Unga Limited, Arusha)

Aangalie inakovuta hewa. Dizeli ikivuta mvuke wa mafuta mepesi inaweza kupanda mwendo yenyewe, na kukata mafuta kwenye pampu hakuizimi kwa sababu inakula kinachokuja na hewa. Huzimwa kwa kuinyima hewa: kipande cha ubao bapa kinachofunika mdomo wote wa kuvutia hewa, kikae karibu tayari. Asitumie mkono wala kitambaa. Mkono utaumia na kitambaa kitamezwa. Na chujio la maji alifungue kila saa.

Mashine ikinoki kwenye kazi ya kujitolea, nani analipa? (Mwanga)

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipaye. Lakini dai bila ushahidi halifiki mbali. Kabla ya kuingia majini, pata maandishi kutoka kwa anayeongoza kazi, iwe NEMC (baraza la taifa la mazingira), Bodi ya Maji Bonde la Pangani au halmashauri, yakieleza boti yako imeombwa kufanya nini na nani anabeba mafuta na matengenezo. Kama una bima, uliza kwa maandishi kama kazi hii imo.

Piga picha namba ya mashine na mchirizi wa maji ukiwa mzima. Andika saa ya kuingia na kutoka, na lita ulizotumia, kila siku. Impela ya zamani itie kwenye mfuko wenye tarehe, na oili ya gia uliyomwaga weka kiasi kwenye chupa safi. Usisaini karatasi ya kumaliza madai kabla fundi hajafungua pampu na kichwa cha silinda.