Hatari ya maporomoko ya theluji ni 3 kati ya 5: tupande mlima au tusipande?

Umeuliza kama mnaweza kupanda mlima kesho, maana taarifa ya maporomoko ya theluji inasema hatari ni 3 kati ya 5 na anga limetakata. Ndugu yangu, hiyo 3 isikutie moyo. Kipimo hicho hakipandi kwa hatua sawa, na wengi hufia kwenye kiwango hicho hicho kwa sababu watu bado wanatoka kwenda mlimani. Jua nalo halithibitishi kitu. Upepo wa jana huenda umerundika theluji upande wa pili wa kilele.

Pimeni mteremko: mabamba ya theluji (tabaka zilizoshikana zinazoweza kumeguka kwa pamoja) hukatika zaidi kwenye nyuzi 30 hadi 45. Tazameni na kilicho juu yenu, kwani hata aliye chini kwenye tambarare anaweza kuliamsha poromoko. Mkisikia theluji ikididimia kwa mlio mzito, au mkiona ufa ukikimbia mbele ya ski (mbao zenu za kutelezea), rudini hapo hapo, msijadiliane.

Kila mmoja abebe kifaa cha mawimbi ya redio cha kumtafutia aliyefukiwa, ufito wa kuchoma kwenye theluji kumtafuta, na sepetu. Nafasi ya aliyefukiwa kuokoka hushuka vibaya baada ya dakika 10 hivi. Mimi kesho ningebaki chini ya nyuzi 30, pasipo na mteremko mkali juu yangu.