Kwa wakili unayeanza kesi za ndoa

Mdogo wangu uliyeapishwa juzi, kesi ya ndoa itakufikia kabla ya kesi nyingine nyingi. Ataileta jirani, au shangazi wa rafiki yako. Usiione nyepesi kwa sababu haina mikataba ya mabilioni. Mimi niliiona hivyo, nikamuumiza mtu.

Mwaka wangu wa kwanza nilimfungulia mama mmoja shauri la talaka. Hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa alikuwa nayo, na muhuri wake, nikaiambatanisha bila kutazama tarehe. Sheria ya Ndoa ya 1971, hapa kwetu Tanzania, inataka hati hiyo iwe imetolewa si zaidi ya miezi 6 kabla ya shauri kufunguliwa. Yake ilikuwa na miezi 8. Wakili wa upande wa pili akasimama, akaisoma tarehe kwa sauti, na shauri likaondolewa mahakamani. Mama yule alifunga genge lake siku hiyo akapanda basi tangu alfajiri. Koridoni nilimweleza kwamba itabidi arudi barazani, akae tena na mwanamume ambaye yeye mwenyewe alimkimbia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo tunaanza upya, mwanangu?" Tangu hapo hati ya Baraza naisoma kabla sijagusa karatasi nyingine: tarehe, majina, na kama Baraza limeandika waziwazi kuwa limeshindwa kuwapatanisha.

Jasho lenyewe litakutoka kwenye mali. Kifungu cha 114 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Vijana hukimbilia Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1983, wakaandika kwamba kazi za nyumbani ni mchango, basi wakaridhika. Uamuzi ule usome mpaka mwisho. Kanuni ilikubaliwa, lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokata rufaa kukipata, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya nyumba alizitapanya. Kanuni bila ushahidi haimpi mteja wako hata bati moja.

Na ushahidi, mara nyingi mteja hajui kama anao. Mama mwingine aliniambia, "Mimi sikuwa na kazi, wakili." Nikaacha habari za mali, nikamwomba anisimulie siku yake tangu anapoamka. Kumbe saa kumi alfajiri yuko jikoni anachoma vitumbua, na faida inaingia kwenye kikoba. Siku ya pili akaja na daftari la kikoba amelifunga kwenye kanga, kurasa zimelowa mafuta. Ukurasa mmoja uliandikwa kwa kalamu ya risasi: "mkopo, saruji mifuko 20." Ulikuwa mwezi uleule ambao mume alidai alijenga msingi peke yake. Tulimleta katibu wa kikoba kizimbani, akaeleza taratibu, na mume alipoulizwa tena kuhusu ule msingi alikaa kimya muda mrefu. Mpe mteja muda wa kusimulia. Kalamu iweke chini kwanza.

Kuhusu watoto, usijiaminishe kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 lazima abaki kwa mama. Hiyo ni dhana ya kisheria tu, na inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kinachotazamwa ni ustawi wa mtoto. Uliza nani humpeleka kliniki, na nani anajua jina la mwalimu wake.

Unapomhoji mume au mke wa mteja wako, usiulize swali la kumwaibisha ili mteja afurahi. Wawili hao watakutana tena kwenye mahafali na kwenye misiba, na mtoto wao atakuwa katikati. Mimi swali la namna hiyo silikubali hata mteja aking'ang'ania.

Hukumu ikishasomwa, usiagane na mteja getini. Andika barua ya kuomba nakala ya hukumu siku hiyohiyo, na umweleze kwa Kiswahili chepesi kwamba rufaa ya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45, na zimeanza kuhesabika mkiwa bado kwenye ngazi za mahakama.