Uyoga wa miyombo mbona hauoti bandani?

SWALI: Shikamoo Bibi. Huku Sikonge, mvua zikishika tunaokota uyoga wa njano, mwekundu na mweupe chini ya myombo mmoja. Nilipeleka vipande kwenye banda langu la uyoga wa mamama, havikuota. Kwa nini? Na aina zote hizo zinaishije pamoja? – Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Mamama hula mabua yaliyokufa. Huu wa miyombo hulishwa sukari na mzizi ulio hai, nao huuletea mti fosforasi na naitrojeni. Bandani kwako mzizi uko wapi?

Sasa fukua majani yaliyooza, taratibu, utafute vijizizi vyembamba kabisa. Ncha zake zimevimba kidogo, kama zimevalishwa soksi: hii nyeupe, ile ya njano, nyingine nyeusi. Kila soksi ni kuvu, ndiye anayezaa uyoga unaouokota. Mara nyingi ncha moja hukaliwa na kuvu mmoja, na aliyewahi ni vigumu kumng'oa. Lakini ncha ni nyingi mno, zinakufa na kuchipua upya, kwa hiyo nafasi haziishi. Tena wapo wanaopenda tabaka la majani, wapo wa udongo wa chini. Kunyang'anyana kupo, usidanganywe na wanaosema msituni wote ni ndugu.

(Uyoga wa kichuguuni siuhesabu, ule ni shamba la mchwa.)

Ukiotesha miche ya miyombo, changanya udongo kidogo kutoka chini ya miyombo mikubwa, ili mizizi yake ipate kuvu. Uyoga wenyewe utausubiri miaka, kwa hiyo mamama usiziache.