Ukitaka wanafunzi waelewe indirect speech, wape ujumbe waupeleke

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, mama kutoka upande wa Fizi kule Kongo, ameanza kazi ya mapokezi kwenye kliniki moja hapa Kampala, na mimi tangu siku hiyo natembea kifua mbele. Huyu mama alipokuja kwangu alikuwa na "good morning" na "how much" basi. Kwenye intavyuu walimpa simu ya mgonjwa, wakamwambia msikilize huyu halafu ingia ndani umweleze daktari anataka nini. Akasikiliza, akaingia, akasema: "There is a mother on the phone. She says her child has had fever since last night. She is asking if you will be here in the afternoon." Daktari akajibu, mama akatoka, akarudi kwenye simu: "The doctor says you should come before four." Kazi akapewa palepale. Aliponitumia vois noti ya kunisimulia, machozi yalinitoka.

Sasa walimu wenzangu wa Kiingereza, hasa nyie mnaofundisha jioni Katwe, Nsambya na Makindye, na nyie wa makambi ya wakimbizi ya Nakivale, Rwamwanja na Kyaka mnaoniandikia kila mara, angalieni vizuri maneno ya huyu mama. Hiyo ndiyo indirect speech yenyewe, ile ambayo vitabu vya Kiswahili vinaita usemi wa taarifa. Na hiyo hiyo ndiyo conversation. Watu wanayatenga haya mawili, Jumatatu grama, Ijumaa mazungumzo, wakati mtu wa kawaida kutwa nzima anachofanya ni kubeba maneno ya wengine. Mwenye nyumba kasema hivi, mwalimu wa mtoto kauliza vile, nesi kaagiza hiki. Hasa sisi wageni hapa Uganda, tunasemeana sana, mmoja anajua kidogo anamsemea mwenzake asiyejua kabisa. Serikali ilitangaza mwaka 2022 kwamba Kiswahili ni lugha rasmi na kifundishwe shuleni, na katiba ilishakitaja tangu marekebisho ya 2005, nafurahi sana, lakini ukienda hospitali au shuleni kwa mtoto fomu bado ni Kiingereza.

Najua wote tunataka kitu kimoja, siku moja kila mtu awe na senta yake, kibao nje, viti vya maana, wanafunzi wanaojaa mpaka mlangoni. Kwa hiyo nawasimulia mimi nilipotoka.

Mimi shule nimesoma kwa Kifaransa, mpaka diploma. Nilivuka mpaka nikiwa mtu mzima na nikakuta Kifaransa changu hapa hakinunui hata chapati. Nikauza vitenge kwa kutembeza, na Kiingereza nimekiokota kwa wateja, kwa makonda, kwa mama mmoja Mganda tuliyepanga naye uani ambaye alikuwa ananituma kwa watu: nenda kamwambie fulani hivi, halafu rudi uniambie amesema nini. Yeye hakujua kwamba ananifundisha. Ndipo nilipoona jinsi lugha inavyoingia. Miaka ya katikati naruka, haina utamu. Nikapata kufundisha kwenye senta moja hapa mjini, jina sitaji, na darasa langu likajaa kuliko la wenzangu wote.

Siku moja mkurugenzi akaingia akakuta watu wamesimama, mmoja yuko koridoni, mwingine ananong'ona dirishani, ubao mweupe hauna neno hata moja. Alinisema mbele ya wanafunzi wangu. Alisema haya ni michezo, akasema watu wanalipa pesa kujifunza Kiingereza siyo kuzungukazunguka, na akasema Kiingereza changu mwenyewe ni cha sokoni. Mwisho wa mwezi darasa likapewa mtu mwenye cheti. Imepita miaka lakini nikisema nimesahau nitakuwa nadanganya, barabara ya ile senta mpaka leo nikiwa kwenye teksi naangalia upande mwingine. Baadhi ya wanafunzi wale walinifuata nyumbani, tukaanza kusomea barazani, na senta yangu ya leo imezaliwa pale barazani. Kwa hiyo ndugu yangu, kama kuna mtu amekudharau kwa sababu hujasoma ualimu, endelea kufundisha.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe.

Anza na maagizo. Usianze na "he said that", kule ndiko kwenye matatizo yote. Agizo halina shida, unaweka "to" umemaliza, na la kukataza unaweka "not to". Nachukua watu watatu. Wa kwanza namnong'oneza: "Tell her to bring the card." Anatoka nje anamwambia wa pili: "Teacher told me to tell you to bring the card." Wa pili analeta kadi kweli, ile kadi ya kliniki ya mtoto, kila mtu anakuja nayo siku hiyo. Halafu natumia karatasi ya dawa. Mnajua nesi anavyoandika, 1x3, 2x2. Mmoja anakuwa nesi, anasema: "Take one tablet three times a day. Don't take it on an empty stomach." Mwingine ni jirani aliyemsindikiza mgonjwa, anageuka: "She told you to take one tablet three times a day and not to take it on an empty stomach." Mgonjwa anarudia kwa Kiswahili alichoelewa. Kama Kiswahili kimetoka tofauti na karatasi, wote tunaona, na hakuna anayehitaji alama yangu nyekundu.

Baada ya hapo nenda kwenye "say" na "tell". Watu wetu waliosoma Kifaransa watakwambia "he said me", kila siku, kwa sababu kwa Kifaransa kitenzi kimoja kinafanya kazi zote mbili. Usiwape kanuni. Waulize kwa Kiswahili: utasema "aliambia kesho kuna mkutano"? Watakataa wote, watasema mwalimu ni lazima "aliniambia" au "alituambia", mtu lazima awemo ndani. Na "alisema" je? Hiyo inasimama peke yake. Basi "tell" ni kuambia na "say" ni kusema, kanuni wanayo tangu wananyonya. Nimeona watu wazima wakishangilia hapo, kwa sababu ni mara ya kwanza Kiswahili chao kinawasaidia darasani badala ya kuambiwa wakiache mlangoni.

Kifaransa hicho hicho kina mtego mwingine, "demand", kwa sababu "demander" yao ni kuomba au kuuliza tu. Kijana anafika dirishani kwenye ofisi anasema "I demand a form", kwa kichwa chake anaomba kwa heshima kabisa, lakini aliyekaa ndani anasikia anaamrishwa. Foleni yote imekaa kimya, karani amekunja uso, kijana hajui kosa lake liko wapi. Hili fundisha mapema sana, "ask for", "he asked for a form", "she asked me to wait". Linaokoa watu.

Maswali sasa. "He asked me where do I live" utaisikia hata kwa waliosoma. Kiswahili hakibadilishi mpangilio, "unaishi wapi", "aliniuliza ninaishi wapi", maneno yanabaki pale pale, na Kiingereza kinachotakiwa kinafanana na hicho hicho: "where I live", "what my name was". Swali la ndiyo au hapana linaingia na "if", ni "kama" yetu tu, "aliniuliza kama nimeolewa", "she asked me if I was married". Ile "do" inadondoka. Mimi nawafanyisha mahojiano ya kupanga nyumba: mmoja mwenye nyumba, mmoja mpangaji, wa tatu ni mume aliyebaki nyumbani anayetaka kujua mwenye nyumba aliuliza nini. "He asked me how many children we have. He asked me if you have a job." Wanacheka, wanabishana, wanaendelea mpaka saa imeisha hawajui.

Mwisho kabisa ndiyo nyakati, na hapa naomba mnisikilize kwa makini maana ndipo ninapotofautiana na wengi. Vitabu vinasema kila kitu kirudi nyuma hatua moja, "is" iwe "was", "will" iwe "would", "tomorrow" iwe "the next day". Mwanafunzi anatoka kwenye lugha ambayo anasema "alisema anakuja", "alisema atakuja", kwake hakuna kinachorudi popote, kwa hiyo anaona ni uchawi. Ukweli ni kwamba kwenye mazungumzo, kama jambo bado liko hai, hata wenye lugha yao mara nyingi hawarudishi. Mimi naleta kalenda ya ukutani. Naweka kidole Jumatatu. Mwenye nyumba amesema: "I will come for my money tomorrow." Wewe unamwambia mumeo jioni hiyo hiyo ya Jumatatu, utasema nini? "He said he'll come tomorrow." Sawa kabisa, hakuna kosa. Sasa nahamisha kidole mpaka Alhamisi. Kesho ile imeshapita, ukisema "tomorrow" mumeo atangoja Ijumaa! Hapo ndipo inakuwa "He said he would come the next day, but he didn't." Wakiona kidole kinahama wanaelewa kwa nini neno linahama. Na kwenye simu kama yule mama wa kliniki, mtu bado yuko hewani, ni "she says", hakuna cha kurudisha.

Upande wa mazungumzo nina neno moja zito. Fundisheni Kiingereza kinachosemwa hapa. "How do you do" sijawahi kuisikia pale soko la Owino. Hapa mtu anakusalimia kwanza, "how is the day", anakwambia "well done" hata kama umekaa tu, anakwambia "you are lost" ile ile ya kwetu umepotea, na ukiruka salamu ukaingia kwenye swali lako moja kwa moja umeharibu. Chenji inaitwa "balance". Mtu akikwambia "I'm coming" huku anaondoka, ngoja, atarudi. Kazi ya nyumbani ninayowapa haibadiliki: niletee sentensi moja uliyoambiwa leo na mtu, useme nani, wapi, na ulijibu nini. Kijana mmoja alisimama akasema "The conductor told me to wait for my balance, I told him that I was getting out at the next stage, he said sorry and gave me." Sentensi moja ina kila kitu, na ilimtokea mwenyewe asubuhi ile.

Na jamani, acheni kuwakatiza. Mtu mzima ambaye kwao alikuwa na heshima yake, mwingine alikuwa mwalimu, mwingine mchungaji, leo anatafuta neno kama mtoto mbele ya vijana, halafu wewe unamrukia katikati ya sentensi. Mwache amalize. Andika makosa pembeni, mrudishie baadaye, ikibidi peke yake. Mwalimu anayemcheka mwanafunzi asiitwe mwalimu, nasema wazi na wenye vyeti vyao wakasirike. Mungu anaona tunavyowatendea watu hawa.

Wengi mnaniuliza kuhusu watoto wenu wa P7, darasa la saba, na mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi. Kule ni tofauti, na uwaambie watoto hivyo hivyo bila kuzunguka. Wakiambiwa waandike upya sentensi warudishe kila kitu, "will" iwe "would", "tomorrow" iwe "the following day", "here" iwe "there", hata kama nyumbani wanasema vingine. Wangu nawapa sentensi hizo za mtihani baada ya kuzisema kwanza kwa mdomo, watatu watatu, halafu ndiyo wanaandika. Kwa wale wanaotaka zile sentensi za kliniki na za mwenye nyumba ninazotumia, niandikieni nitawatumia picha za daftari langu, bure.