Mwanangu, kuhusu ile orodha ya majina 60

Malaba, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama kwenye stendi ya boda, nikaona heri nirudi nyumbani niusome nikiwa nimekaa. Mama yako akaniuliza kama unaumwa. Nikamwambia hapana, mtoto ameuliza jambo zito, na jambo zito silijibu kwa kidole gumba. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze kwa kulirudia swali lako, ili tujue tunazungumza nini. Umesema semina yenu ya Mbale ilihudhuriwa na watu 23, lakini bajeti iliyopelekwa kwa mfadhili inasema 60. Bosi wako amekupa orodha tupu ya mahudhurio, akakuambia uijaze hadi mstari wa mwisho, uwe unabadilisha kalamu, kisha uweke saini yako chini kama mtu aliyeiandaa. Pesa inayobaki, ile ambayo huko Kampala mnaiita enjawulo, itagawanywa, na wewe una fungu lako. Bosi huyohuyo ndiye anayeongoza maombi ya ofisi kila Jumatatu asubuhi. Ukauliza: "Baba, nikisaini, dhambi ni yangu au ni ya bosi?" Halafu chini kabisa, kama mgeni anayekumbuka neno akiwa ameshafika mlangoni, ukaongeza: "Makerere kuokoka kulikuwa rahisi."

Hilo la mlangoni ndilo lililoniuma zaidi. Kweli kulikuwa rahisi. Ulikuwa na ushirika wa saa ya chakula cha mchana, ulikuwa na kwaya pale kanisa la Mtakatifu Fransisko, na wenzako wa chumba walijua wewe ni mlokole, kwa hiyo hakuna aliyekusumbua. Lakini nakumbuka jambo moja. Ulipokuwa mwaka wa pili ulinisimulia jinsi mlivyokuwa mnasainiana mahudhurio darasani: aliyeamka mapema anamsainia aliyelala. Ulikuwa unacheka, na mimi nikacheka pamoja nawe. Sikupaswa kucheka. Nilikuwa na sababu kuliko baba yeyote ya kutocheka, nami nikanyamaza kwa aibu yangu mwenyewe. Leo nakwambia sababu hiyo.

Mwaka 2003, ulipokuwa na miaka mitatu, nilikuwa karani wa kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa mpakani. Lilipita lori la mafuta ya kupikia kutoka Mombasa, karatasi zikisema ni mali ya transiti inayokwenda Kongo kupitia Mpondwe. Mali ya transiti hailipiwi kodi ya Uganda kwa sababu haitumiki Uganda. Anayeipitisha anaweka dhamana tu, na dhamana hufunguliwa mzigo ukithibitishwa kwamba umetoka upande wa pili. Lori lile halikufika Mpondwe. Lilishushwa usiku katika ghala kabla hata ya kuingia Kampala, na mafuta yakauzwa madukani kama yaliyolipiwa. Siku chache baadaye mkubwa wangu akaniwekea faili mezani. Ndani mlikuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba mzigo umetoka nchini, na chini yake nafasi ya saini ya karani.

Nilijua. Sitaki ufikiri kwamba nilidanganywa. Nilimwuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, hili lori limevuka kweli?" Akanijibu, "Wewe saini, hayo mengine ni yangu." Nikayashika maneno hayo kama mtu anayeshika mwavuli. Nikasaini. Alinipa shilingi 200,000, nazo zikanunua mabati 14. Ndiyo mabati ya chumba mlichokuwa mnalala wewe na kaka yako. Usiku mvua ilipokuwa ikinyesha, ninyi mlilala vizuri kwa mara ya kwanza, na mimi nilikaa macho nikihesabu bati moja baada ya jingine.

Baada ya miezi kadhaa wakaja wachunguzi. Mkubwa wangu alifungua kabati, akatoa faili lile kwa utulivu, akasema: "Mimi sikuwa najua. Karani wangu amethibitisha, saini yake hii hapa." Mwanangu, nilitazama zile karatasi zote. Jina lake halikuwemo hata mahali pamoja.

Basi hilo ndilo jibu la swali lako, na sikulipata kwa mchungaji wala kwa kitabu. Ya bosi ni ya bosi, atayajibu mwenyewe mbele za Mungu. Lakini saini haibebwi na watu wawili. Yeye anajua kuandika. Angeweza kujaza majina hayo kwa mkono wake na kuweka saini yake. Jiulize kwa nini anahitaji mkono wako.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa dereva. Alikaa ndani wiki mbili, naye ni mtu aliyefuata maelekezo tu, mwenye watoto kama ninyi. Nilikwenda kwa wazee wa ushirika nikitaka waniombee. Mmoja wao, mlokole wa zamani wa uamsho ule wa Kikristo wa Afrika Mashariki wa kina Simeoni Nsibambi, hakunyoosha hata mkono kuniombea. Walokole wale, unajua, ukiokoka walikuuliza umeiba nini na utakirudisha lini. Watu walirudisha majembe, ng'ombe, hata sindano. Akaniambia: "Nenda kwanza ukaseme, halafu rudi tuombe." Nikaenda. Nikamweleza mchunguzi kwamba sikuliona lori likivuka, wala halikuvuka. Sikufungwa, lakini kazi ilikwisha siku hiyohiyo. Unakumbuka zile chapati mama yako alizokuwa akikaanga kando ya foleni ya malori? Ulizoea kutuambia kwamba ndizo siku tamu za utoto wako. Miezi minane tulikula kutokana na chapati zile, kwa sababu baba yako alikuwa ameuza jina lake kwa mabati 14.

Dereva nilimwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, na hajawahi tena kunywa chai kwangu.

Najua utasema, baba, hiyo ilikuwa kodi ya nchi, hii ni semina tu, na watu 23 walifundishwa kweli. Mimi nakuuliza: wale 37 utawaita nani? Utabuni majina, au utachukua ya watu halisi wa Mbale, Waganda wenzako wenye vitambulisho, na kuandika kwamba walikula chakula na kupokea nauli ambayo hawakuiona? Mfadhili ataandika kwamba kule Mbale watu 60 wamefundishwa, na mwaka ujao atapeleka pesa kwingine, na wale 37 ambao wangefundishwa kweli watakuwa tayari wamehesabiwa. Huo ndio wizi wenyewe. Zaidi ya pesa, unawanyang'anya watu zamu yao.

Kila tarehe 16 Februari ofisi yenu inafungwa, na najua vijana wengi huitumia siku hiyo kufua nguo. Ni siku ya Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda. Mwaka 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na maonevu, wakatia saini zao. Siku chache baadaye aliuawa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, huyu wa pili akiwa mtu wa huku kwetu Tororo. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nikasikia wakubwa wakinong'ona karibu na redio kwamba ajali hiyo haipo. Nimeyafikiria sana mambo haya mawili nikiyaweka pamoja: barua yenye saini za watu waliojua gharama yake, na taarifa ya uongo ambayo bila shaka kuna karani aliyeipiga chapa. Karani yule hatumjui. Huenda naye alikuwa na watoto na hana mabati.

Sikufananishi na Luwum, wala na wale vijana wa Namugongo, mashahidi wa Uganda, waliochomwa kwa ajili ya imani yao tarehe 3 Juni 1886. Hakuna atakayekuchoma. Utakosa safari za semina, pengine mkataba wako hautaongezwa, na watu watasema unajifanya mtakatifu. Lakini wale vijana ukiwatazama vizuri walikuwa watu wa kazi kama wewe, watumishi wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na walizijua kazi zao. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mkubwa wa vijana hao, mtumishi ambaye Kabaka alimtegemea. Alikuwa amemkemea Mwanga kwa kumwua Askofu Hannington, mmisionari Mwingereza, akauawa Novemba 1885. Hakukataa kutumika ikulu. Alikataa kunyamazia damu.

Kwa hiyo usiende kwa bosi wako kama nabii aliyeshuka mlimani. Nenda mkiwa wawili tu, mlango umefungwa, mwite kwa heshima kama unavyomwita siku zote. Usitaje maombi yake ya Jumatatu. Hujui anapigana na nini usiku, huenda na yeye ana mtu juu yake anayemsukuma. Mwambie huwezi kuandika majina ya watu ambao hawakuja, lakini umemwandalia kitu kingine. Na hapo uwe umekiandaa kweli: orodha ya watu 23 iliyo safi, risiti zimepangwa kwa tarehe, hesabu ya kilichobaki hadi shilingi ya mwisho, na rasimu ya barua kwa mfadhili inayoeleza kwa nini watu walikuwa wachache na kuomba ama salio lirudishwe au liruhusiwe kufanya semina ya pili. Wafadhili wanaziona barua kama hizo kila wakati. Mkristo anayekataa uovu huku kazi yake ni ovyo hasikilizwi, na ni haki asisikilizwe.

Weka nakala za ulichokiandika. Akikutishia, ujue kuna sheria ya mwaka 2010 ya kuwalinda wanaofichua maovu, na inawahusu hata walioajiriwa nje ya serikali, na ofisi ya IGG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Serikali, hupokea taarifa hizo. Sikutumi huko leo. Nataka tu usifikiri kwamba kilichobaki ni kusaini au kulia.

Sasa la karo. Hukuliandika, lakini nimelisoma katikati ya mistari. Mdogo wako yuko Senior 5, mwaka wa tano wa sekondari, na wewe ndiye unayelipa nusu. Nakuambia kama baba, na mama yako amekaa hapa anatikisa kichwa kukubali: karo ya mtoto huyo isitoke kwenye orodha ile. Nina mbuzi wawili, na muhogo wa kule shambani utavunwa. Ikibidi, atakaa nyumbani muhula mmoja. Ukifukuzwa kazi, chumba chako kipo, mabati ni yaleyale. Sitaki hata siku moja ujiambie kwamba ulisaini kwa ajili yetu. Mimi nilijiambia hivyo kwa ajili yenu, na neno hilo lilinikalia kifuani miaka.

Tafuta watu wawili katika wale wenzako wa ushirika wa Makerere ambao sasa wako kazini, yule wa benki na yule muuguzi, mkutane hata mara moja kwa mwezi. Lakini msikutane kuombeana vyeo na wachumba tu. Kila mmoja amwulize mwenzake: umesaini nini tangu tulipoonana? Mimi sikuwa na mtu wa kuniuliza hivyo mwaka ule.

Kama umeshaijaza orodha tayari, maana najua ujumbe wa namna hii mara nyingine mtu huuandika baada ya tendo, basi niambie. Nitapanda basi la alfajiri, tutakwenda kwa bosi pamoja mpaka mlangoni, halafu utaingia peke yako na mimi nitakungoja nje. Sitakukasirikia. Nimewahi kuwa hapo ulipo.

Barua hii nampa kondakta wa basi la saa kumi na mbili. Humo ndani ya mfuko mama yako ameweka karanga na chapati nne, anasema ule kabla hujaingia kwa huyo bosi. Ukishaongea naye nipigie, hata kama ni usiku wa manane. Simu itakuwa karibu na mto.

Ni mimi baba yako